Nunua Desibeli, Acha Wati: Spika Ndefu kwa Amplifaya ya Vali Yenye Nguvu Ndogo

Namba kubwa kuliko zote kwenye boksi la spika ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote kwa mtu mwenye amplifaya ya vali, ile inayotumia taa za kioo badala ya transista. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme hapa Dodoma, utakuta sabufa imebandikwa wati 5000 PMPO (nguvu ya kilele ya kwenye matangazo), na waya wake wa umeme ni mwembamba kiasi kwamba wati 5000 za kweli zingeuyeyusha. Hata ukiulizia spika za heshima, zile ndefu za kusimama sakafuni, muuzaji ataanza na wati. Lakini wati za spika ni kiwango cha umeme inachoweza kuvumilia kabla haijaungua. Amplifaya yangu inatoa wati 4 na ushei. Uvumilivu wa spika haunihusu.

Ninachotaka kujua ni hiki: nikiipa spika wati moja tu, itapaza sauti kiasi gani? Jibu hukaa nyuma ya karatasi ya vipimo kwa herufi ndogo: desibeli kadhaa, kwa wati moja, kwa umbali wa mita moja. Kipimo hicho huitwa sensitiviti. Mwenye amplifaya ya wati 200 anaweza kukipuuza maisha yake yote asipungukiwe na kitu. Mwenye vali chache akikipuuza, atauza amplifaya nzuri akidhani ni mbovu.

Kijana mmoja jirani yangu hapa Nkuhungu alikuwa amebakiza hatua hiyo hiyo. Aliagiza amplifaya ya vali kwa vipande, akaiunga mwenyewe kwa subira kubwa, kazi safi kabisa ya kulehemu kwa risasi. Jioni moja akaja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi, imewaka?"

"Imewaka, vali zinang'aa vizuri. Ila sauti haina mwili. Nikiongeza kidogo inaanza kukwaruza. Nadhani transfoma ni feki."

"Umeifunga kwenye spika gani?"

Akanitajia spika nyembamba ndefu, mpya, zimepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, wufa (spika za besi) mbili ndogo kila upande. Nikamwomba alete karatasi yake. Sensitiviti 85, impidansi (ukinzani wa spika kwa umeme wa sauti) omu 4. Nikamwambia transfoma iachwe ilivyo, twende kwangu na amplifaya yako. Tulipoifunga kwenye maboksi yangu makubwa alikaa kimya wimbo mzima, kisha akauliza maboksi hayo yanapatikana wapi. Nilimweleza, na sasa nawaeleza na wengine.

Tuanze na nguvu yenyewe. Vali ya aina ya 45 ikifanya kazi peke yake kila upande hutoa kama wati 2. Ile ya 2A3 hutoa 3.5 hivi. EL84 moja, ambayo ndiyo ya bei ya chini na ninayoitumia, hutoa kati ya 4 na 5. 300B maarufu, ambayo Western Electric waliitengeneza miaka ya 1930, hutoa kama 8. Ukitaka zaidi ya hapo unaziweka vali mbili mbili zisukumane na kuvutana; EL84 mbili kila upande hufika 12 na kuendelea, EL34 mbili hufika 30 na zaidi. Kila hatua ya juu inadai transfoma kubwa zaidi, na transfoma ndiyo inayokula pesa katika amplifaya ya vali.

Desibeli nazo zina hesabu yake. Ukitaka kuongeza desibeli 3, unatoa umeme mara mbili. Ukitaka 10, unatoa mara kumi, na sikio litahisi sauti imeongezeka kama maradufu tu. Sasa weka spika mbili kando kwa kando, moja ya 86 na nyingine ya 95. Tofauti ni 9, yaani 3 mara tatu, yaani maradufu ya maradufu ya maradufu: mara nane. Kazi ambayo spika ya 95 inaifanya kwa wati 4, spika ya 86 itaidai wati 32. Pesa ambayo ungetumia kupata amplifaya ya vali ya wati 32 iliyo nzuri ni nyingi kuliko ile inayotenganisha spika hizo mbili. Ndiyo maana nasema spika ndiyo mahali pa kununua nguvu.

Chumbani inakuwaje? Mimi hukaa kama mita 3 kutoka kwenye spika. Kwa spika ya 86, wati 4 zinaongeza 6, spika ya pili inaongeza kama 3, na umbali katika sebule ya kawaida unapunguza kama 6. Kilele kinaishia 89 hivi. Muziki uliorekodiwa bila kukandamizwa una vilele vinavyopita wastani wake kwa desibeli 12 au hata 15, kwa hiyo wastani unabaki katikati ya sabini: sauti ya kusikiliza watoto wakiwa wamelala. Kwa spika ya 95 kilele hicho kinafika 98, na hapo tarumbeta za bendi ya dansi zinaingia sebuleni zikiwa na pumzi yake. Kwa wati 2 hadi 5 mimi sishuki chini ya 94. Kwa wati 8 nakubali 92. Kwa EL84 mbili mbili, 89 au 90 inatosha, mradi chumba si ukumbi.

Sasa mitego, maana namba hii nayo huchezewa.

Mtego wa kwanza uko kwenye neno wati moja. Watengenezaji wengi hawapimi kwa wati moja, wanapima kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8, volti hizo ni wati moja kamili. Kwenye spika ya omu 4 ni wati mbili. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa 90 kwa volti 2.83 ni ya 87 kwa wati moja, na amplifaya ya vali inahesabu wati. Spika za yule kijana, zile za 85 kwa omu 4, kihalisi zilikuwa 82.

Wa pili ni mahali pa kupimia. Spika ikipimwa ndani ya chumba, kuta na sakafu huirudishia sauti, namba ikapanda. Klipsch ni mfano mzuri kwa sababu ni spika ambayo wenye amplifaya za vali huiulizia sana, na kwa haki. Paul Klipsch alianzisha kampuni yake mwaka 1946 huko Hope, Arkansas, akiuza spika za honi (zenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta) za kuwekwa kwenye kona, na mpaka leo spika zao ndefu za bei ya kati zina twita (spika ya sauti za juu) ya honi. Karatasi zao hutaja 96 kwa RP-5000F, 97 kwa RP-6000F, 98 kwa RP-8000F. Zikipimwa na watu wengine mahali pa wazi hutoka chini ya hapo kwa desibeli kadhaa. Bado ni spika nyepesi kuendesha kuliko nyingi za bei yake. Wewe toa 3 au 4 kichwani kabla ya kufanya hesabu, kisha uone kama bado inakutosha.

Wa tatu ndio unaoharibu sauti hata pale nguvu inapotosha. Omu 8 zilizoandikwa nyuma ya spika ni wastani wa heshima tu. Impidansi hupanda na kushuka kadiri masafa ya sauti, kutoka besi hadi sauti za juu, yanavyobadilika: inaweza kuwa 4 kwenye besi ya kati, ikapanda 30 kwenye mvumo wa asili wa wufa, ikashuka tena pale krosova, saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, inapogawa kazi. Amplifaya ya transista haijali. Amplifaya ya vali ya traiodi moja (vali ya muundo rahisi, kama 45, 2A3 au 300B), isiyo na saketi ya kujirekebisha, ina ukinzani wake yenyewe upande wa spika, mara nyingi omu 2 au 3. Chukua 3. Penye omu 4 spika inapata asilimia 57 ya volti, penye omu 30 inapata asilimia 91. Tofauti hiyo ni kama desibeli 4. Maana yake amplifaya yako inageuka kuwa kifaa cha kuongeza besi hapa na kupunguza sauti ya kati pale, bila wewe kugusa kitufe. Ndiyo sababu mtu mmoja atakuambia vali zina besi ya kuvuma isiyokatika, na mwingine atakuambia vali zina sauti nyororo, na wote wawili wanaelezea spika zao.

Kwa hiyo tafuta spika ambayo impidansi yake haipandi na kushuka kwa fujo. Krosova rahisi husaidia. Wufa nne ndogo zilizounganishwa sambamba hazisaidii.

Sasa niseme kuhusu ukubwa, maana hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Kuna sheria ya spika inayoitwa kwa jina la Josef Anton Hofmann, aliyekuwa herufi H katika kampuni ya KLH pamoja na Henry Kloss na Malcolm Low. Inasema kuna mambo matatu: boksi dogo, besi ya chini, na wepesi wa kuendeshwa. Unachagua mawili, la tatu linachukuliwa kutoka kwako. Ukipunguza boksi kuwa nusu, unapoteza desibeli 3. Ukitaka boksi lile lile lishuke kutoka hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) hadi 30, unalipa desibeli 9. Hakuna kampuni inayoikwepa, hata ikipaka rangi ya aina gani.

Wabunifu wa kale waliijua bei hiyo na wakachagua boksi kubwa, kwa sababu walikuwa na wati chache. Mwaka 1954 Edgar Villchur na huyo Kloss, kupitia kampuni ya Acoustic Research, wakatoa spika ya AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa ambalo hewa ya ndani ndiyo springi ya koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti. Besi ilishuka kwa namna iliyoshangaza watu, na wepesi ukauzwa kulipia. Miaka ya 1960 transista zikafanya wati kuwa rahisi, na tangu hapo dunia nzima ikahamia kwenye boksi jembamba linalopendeza sebuleni. Kwa hiyo usidhani spika ya zamani ni nyepesi kwa sababu tu ni ya zamani. LS3/5A, ile ndogo iliyobuniwa na BBC, ni ya miaka ya 1970 na ni ya 82 au 83 tu.

Hivyo basi, spika ndefu ya kweli kwa vali ni ile iliyo ndefu, pana, na yenye kina. Ukiwa na bajeti isiyofika milioni moja kwa jozi, naona njia mbili.

Ya kwanza ni mtumba. Maboksi makubwa ya miaka ya 1970 na 1980, yenye wufa ya inchi 10 au 12, huja na mizigo ya vyombo vilivyotumika kutoka Ulaya na Japani, mengine yanafika kwenye minada yetu. Watu wanayakwepa kwa sababu yanakula nafasi, na bei inashuka kwa sababu hiyo hiyo. Nenda na mita ya fundi, betri ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Weka mita kwenye omu: spika ya omu 8 isome kama 6, ya omu 4 isome 3 na kitu. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imekufa. Gusisha betri: koni iruke nje mara moja, ikiruka ndani waya zimegeuzwa. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotawanyika pande zote, usikilize. Ikikwaruza, koili imepinda au imejaa vumbi, na vumbi la Dodoma halihitaji mwaliko. Kisha angalia ukingo wa koni. Ukingo wa sponji huoza wenyewe baada ya miaka 15 au 20, hata spika ikikaa kabatini. Unabadilishika, lakini bei lazima ishuke. Ukingo wa kitambaa kilichokunjwakunjwa hudumu miaka mingi mno, na mara nyingi ndio unaopatikana kwenye wufa nyepesi za kale zenye sumaku kubwa. Nikiuona huo, naongeza umakini.

Njia ya pili naipenda zaidi, nayo ni kujenga. Spika za kazi, zile za makanisani na kwenye sherehe, zina koni nyepesi na sumaku nzito, na ya inchi 12 kwa kawaida ina sensitiviti ya 95 hadi 98 kwa omu 8. Zinauzwa kavu kavu bila boksi, Kariakoo zimejaa, na mzigo unafika Dodoma kwa basi kesho yake. Tafuta yenye karatasi ya vipimo ya kweli, inayotaja mvumo wa asili wa koni na ujazo wa hewa inaoutaka. Isiyo na karatasi iache dukani, hata ikiwa na sumaku kama sufuria. Juu yake weka twita ya honi. Honi nyingi hupita 105, kwa hiyo zinapunguzwa kwa rezista mbili hadi zilingane na wufa.

Boksi la lita 100 linapatikana kwa vipimo vya ndani vya sentimita 35 kwa 30 kwa 95. Hiyo ni spika ya kusimama sakafuni bila ubishi. Shiti mbili za plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, zinatosha jozi pamoja na vipande vya kukaza kuta zisitetemeke. Mwambie seremala pembe ziwe na gundi mwanzo hadi mwisho, siyo misumari pekee. Maseremala wetu wanatengeneza makabati mazuri sana, ila kabati likipitisha hewa hakuna anayesikia. Mninga uweke kwenye kingo kwa urembo. Usitumie chipubodi, ikinyeshewa siku moja tu wakati wa kuhamisha inavimba.

Utakachokosa ni besi ya chini kabisa. Spika hizi hufifia kuanzia hezi 50 au 55. Waya mnene wa gitaa la besi unaanzia hezi 41, lakini uzito tunaousikia unabebwa zaidi na sauti yake ya pili ya hezi 82, mara mbili ya hiyo 41, na hiyo ipo yote. Bendi za dansi zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1960 zinaishi katika sauti ya kati: magitaa yanayojibizana, saksafoni, waimbaji watatu karibu na maikrofoni. Spika nyepesi inazifungua rekodi hizo hata ukisikiliza kwa sauti ya chini, kwa sababu haisubiri kusukumwa ndipo iamke. Na kwetu huku kuna ilimba ya Wagogo, ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Hukwe Zawose, mtu wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka mbali sana duniani. Kila ulimi wa chuma ukipigwa unatikisa na nyingine, kuna mvumo mwembamba unaobaki nyuma ya noti, na noti inayofuata inaukuta bado upo. Aliyewahi kukaa karibu na wapigaji Chamwino anajua mvumo huo unavyosikika hewani. Kwenye spika nzito unafutika. Hicho ndicho kipimo changu cha mwisho dukani, kabla hata sijasikiliza besi.

Chumba chenyewe hakiwezi kuachwa nje. Nyumba zetu nyingi ni tofali, vigae sakafuni, madirisha ya alumini, jipsamu juu. Kuta ngumu zinaizuia besi isitoke, jambo jema kwa mwenye wati chache. Ukisogeza spika karibu na ukuta besi inaongezeka bila kugharimu umeme. Lakini vigae vinarudisha sauti za juu kwa ukali, na honi ikielekezwa moja kwa moja usoni katika chumba kitupu inachosha masikio haraka. Zulia nene mbele ya spika, mapazia mazito, kabati la vitabu ukuta wa nyuma. Anza na hivyo kabla ya kulaumu twita.

Kuna usalama pia. Ndani ya amplifaya ya vali kuna volti 300 na zaidi, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuzima. Wenye watoto wasiiache bila kifuniko. Usiiwashe kamwe bila spika kufungwa, maana sauti ikipita bila mzigo volti zinapanda ndani ya transfoma na kuitoboa. Iliyotoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, kwetu ni 230, kwa hiyo iwe na transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha.

Spika zikishafika nyumbani, usikubali haraka kwamba spika ya omu 8 lazima ikae kwenye terminali ya omu 8. Zima amplifaya, hamishia waya kwenye terminali ya omu 4, sikiliza wimbo ule ule. Unapoteza nguvu kidogo, lakini vali inafanya kazi kwa utulivu zaidi na inaishika koni vizuri zaidi, besi inakuwa na mwanzo na mwisho. Kwenye spika ya 95 au 96 nguvu hiyo huihitaji. Zangu zimekaa kwenye 4. Yule kijana, ambaye sasa ana maboksi yake ya inchi 12 kutoka kwa seremala wa Kizota, anapendelea 8, na nikikaa sebuleni kwake nakubaliana naye.